Tupeni Msumeno: Neno la Kamati

Ndugu wakimbizi wenzetu, nanyi waheshimiwa wafanyakazi wa mashirika,

Mwaka 1974 Enzo Mari, mbunifu wa samani wa Italia, alitoa michoro ya meza, viti na vitanda vya mbao za kawaida na misumari. Aliyeiomba alilipia stempu tu. Viwanda na wafanyabiashara aliwakataza. Lakini miaka 40 baadaye, huko Berlin, Ujerumani, vijana wakimbizi kutoka Afrika Magharibi walipata ruhusa yake, wakavitengeneza viti hivyo na kuviuza.

Nasi tunao maseremala, wamekaa bila kazi. Hatuombi viti. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tupeni msumeno, nyundo na misumari.