Homa ya mafua na daftari la mwajiri



Zamani nilikuwa karani katika kampuni moja hapa mjini. Jumatatu moja mhasibu wetu alikuja kazini akitetemeka kwa homa, taulo shingoni. Ilikuwa tarehe 24, na hesabu za mishahara hazijakamilika. Tulimsifu kwa moyo wake. Kufika Ijumaa tulikuwa watu wanne vitandani, pamoja na yeye mwenyewe, na mishahara ikatoka tarehe 6 ya mwezi uliofuata. Hasara ile hakuna aliyeiandika katika daftari lolote.

Nimeikumbuka kwa sababu juma hili bwana mmoja mwenye kiwanda kidogo cha mikate alinijia na swali. Anataka kuwachanja wafanyakazi wake dhidi ya homa ya mafua, yaani influenza, ile inayomlaza mtu siku kadhaa, wala si makamasi ya kawaida. Aliuliza kama wanavyouliza wafanyabiashara: "Mzee wangu, nikitoa fedha hiyo, itarudi?"

Swali hilo limekwisha kupimwa. Mwaka 1994 huko Minnesota, Marekani, watafiti waliwaandikisha watu wazima 849 wenye afya njema ambao walikuwa na ajira. Wengine walidungwa chanjo, wengine sindano isiyo na chanjo, na hakuna aliyejua kapata ipi. Msimu ulipokwisha, waliochanjwa walikuwa wamekosa kazi kwa magonjwa ya njia ya hewa siku 70 kwa kila watu 100. Wale wengine, siku 122. Safari za kwenda kwa daktari zilipungua kwa asilimia 44. Watafiti wakakadiria kwamba kila aliyechanjwa aliokoa karibu dola 47. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 1995.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimemdanganya yule bwana. Ulifuata utafiti mwingine kwa wafanyakazi wa Ford huko Dearborn, Michigan, katika misimu ya 1997-98 na 1998-99. Virusi vya influenza vina tabia ya kubadili sura. Msimu ule wa kwanza chanjo ilikuwa imetengenezwa kwa kufuata aina moja, ikazuka nyingine iliyopewa jina la Sydney, na sindano ikawa haina msaada. Msimu wa pili chanjo ililingana na virusi, na siku za kazi zilizopotea zikapungua kwa asilimia 32. Hata hivyo, gharama zote zilipojumlishwa, faida haikuonekana mwaka wowote. Msimu wa kwanza ulikula dola 65 na senti 59 kwa kila mtu, wa pili dola 11 na senti 17.

Kwa hiyo nilimwambia: mwaka mwingine itarudi, mwaka mwingine hairudi. Shirika la Afya Duniani huchagua aina za virusi vya kuwekwa katika chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, na kuchagua ni kukisia kwa elimu. Kwetu huku karibu na ikweta kuna tatizo jingine. Mafua haya hayana majira ya baridi ya kuyasubiri, huzunguka karibu mwaka mzima, na hivyo hata mwezi wa kuchanja ni wa kushauriana na daktari.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Hesabu hizi huanza na siku ambazo mtu hakuja kazini. Mhasibu wetu alikuja! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Haki hiyo kwa kawaida huanza baada ya miezi 6 kazini. Kibarua wa kutwa anayelipwa jioni akilala nyumbani hapati kitu, basi atakuja na homa yake, na atakohoa juu ya unga.

Ndiyo maana nilimshauri, akichanja, asianze na maofisa. Amlete muuguzi kiwandani saa za kazi, kwa sababu anayeambiwa apange foleni hospitali kwa nauli yake hataenda. Akumbuke pia kwamba kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Wajawazito na wenye pumu au kisukari wapewe nafasi ya mbele, maana kwao ugonjwa huu ni wa hatari zaidi. Na kibarua mwenye homa alipwe siku zake mbili tatu akae kwake.

Hapo ndipo bwana alipokunja uso. Chanjo, alisema, anaweza kuinunua kesho. Hilo la kumlipa mtu aliyelala atalifikiria.

Vibarua wake huingia saa 10 alfajiri.