Juu ya Maradhi ya Kifafa



Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mwanamke mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akamshtakia kuwa huanguka kifafa, na nguo humvuka. Mtume alimkhiyarisha: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba dua ya kusitirika, naye akamwombea. Hakumfukuza wala hakumwonea kinyaa.

Na sisi je? Tumepata kuona mtoto akiangukia mafigani, povu likimtoka, na watu wazima wamesimama mbali wakidhani mate yale huambukiza. Mkono uliungua tukitazama. Kifafa hakiambukizwi kwa mate.

Ubongo una mabilioni ya chembe za fahamu, na baina ya chembe na chembe pana upenyo mdogo mno, mfano wa mkono wa mto wenye kingo mbili. Habari ifikapo ukingoni, chembe humwaga kemikali, nayo huvuka ikapokewa ng'ambo. Iko kemikali ichochezayo, iitwayo glutamati. Na iko itulizayo, iitwayo gaba. Mizani hiyo ikiharibika, pengine kwa malaria iliyopanda kichwani au kwa mtoto kukosa hewa alipozaliwa, chembe nyingi huchocheka kwa pamoja, na mtu huanguka.

Vidonge vya fenobabitoni, vilivyoanza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912, huitia nguvu gaba. Huko Mahenge, Daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa karibu na mwaka 1960, na wengi walipata nafuu. Lakini vidonge hivi haviachwi ghafla: ubongo uliozoea kutulizwa hurudi kuchafuka, hata mtu akafa. Hapa ndipo tunapoihofia Ramadhani. Wapo wanaoacha dawa ili wafunge, ilhali Kur'ani imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Basi kabla ya mwezi kuandama mwulizeni tabibu kama dozi yaweza kunywewa usiku.

Mtu akianguka, mwondoeni penye moto au maji, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika 5 hajatulia, mkimbizeni zahanati. Wala asiachwe kwenda kuvua peke yake mtumbwini.