Deni Lisilolipwa na Mlango wa Kazi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Machakos)



Nimeombwa niseme machache juu ya madeni. Sisemi kama mtu aliye safi; nasema kama mtu aliyeungua.

Miaka michache iliyopita ilitangazwa nafasi ya kutunza ghala. Msimamizi wangu alinipendekeza. Nikaambiwa nilete cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, na cheti cha kampuni ya kumbukumbu za mikopo, ndiyo CRB. Cheti cha polisi kilitoka bila doa. Cha CRB hakikutoka. Kulikuwa na deni la simu la shilingi 2,300, nililokopa mtoto alipougua. Laini ikapotea, nami nikasahau. Nafasi ikapewa mwingine.

Ndugu, tutenganishe mambo haya mawili. Deni si wizi. Polisi hutafuta makosa ya jinai; CRB huandika nani alilipa na nani hakulipa. Lakini tajiri huvichukua vyeti vyote viwili na kuuliza: Je, mtu huyu nimkabidhi funguo? Anaogopa kwamba mtu aliyebanwa na deni atashawishika.

Hofu hiyo si ya hapa peke yake. Serikali ya Marekani nayo huchunguza madeni ya mtu kabla ya kumkabidhi siri zake. Lakini huko hutazamwa pia sababu ya deni, kama ni ugonjwa au kupoteza kazi, na kama mwenyewe anajitahidi kulipa. Hilo ndilo tulidai na sisi: mtu aulizwe kabla ya kukataliwa. Na watoto wetu waliosoma kwa mkopo wa HELB wasidaiwe cheti cha kumaliza deni kabla hawajapata mshahara wa kulilipia. Mkulima hadaiwi mavuno kabla ya mvua.

Na sisi wenyewe tufanye nini?

Kwanza, kila mwaka uitishe taarifa yako ya CRB. Sheria inakupa moja bure. Ukikuta deni lisilo lako, lalamika kwa maandishi.

Pili, ukilipa, dai barua ya kumaliza deni, uiweke. Habari ya deni baya huweza kubaki katika kumbukumbu miaka 5 baada ya kulipwa. Barua yako ndiyo shahidi.

Tatu, soma karatasi ya mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja ni ya nyumbani kwako. Ikiguswa, njoo kwa katibu wa tawi.

Nne, usikope kwa simu ili kulipa deni la simu. Afadhali chama cha akiba na mikopo, ambako wenzako wanakujua.

Tano, usifiche. Ukiitwa kwa kazi, litaje deni lako kabla halijakutaja. Mimi nilinyamaza kwa kutojua, nao wakadhani nimeficha.

Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Ile shilingi 2,300 nilikwisha kuilipa. Nafasi ya ghala haikurudi. Kesho, kabla ya zamu, kila mmoja aliangalie jina lake.