Kafyu Imeondoka, Korona Bado Iko: Mazungumzo Kuhusu Chanjo

Maelezo haya yalitolewa kwa wakazi wa Kitengela mnamo Novemba 2021. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.

 

Tarehe 20 Oktoba, Sikukuu ya Mashujaa, Rais Uhuru Kenyatta aliondoa kafyu iliyokuwa imewekwa tangu tarehe 27 Machi 2020. Ni karibu miezi 19 ya kukimbizana na saa. Wakazi wa Kitengela wanaujua uzito wa amri zile. Aprili 2020, eneo la Nairobi na viunga vyake lilipofungwa, mpaka ulipita hapa hapa. Kitengela, Rongai, Kiserian na mji wa Ngong viliwekwa ndani, na sehemu nyingine kubwa ya Kajiado ikabaki nje. Mtu aliyekuwa akiishi Kitengela hakuweza kwenda Bissil kumjulia mama hali. Machi mwaka huu, Kajiado nzima ilifungwa tena pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Nakuru, hadi mwanzoni mwa Mei.

Sasa barabara iko wazi, na hilo ni jambo la kushukuru. Kijana anayefanya kazi kwenye viwanda vya Athi River anarudi Kitengela jioni kwa matatu iliyojaa. Ijumaa anashika Barabara ya Namanga kwenda kuwaona wazazi, mkononi ana unga, sukari na majani chai. Lakini anaweza pia kuwa amebeba korona asijue, kwa sababu kuna watu wanaoambukizwa wasipate hata kikohozi. Yeye huenda akapona bila kulala hata siku moja. Baba yake mwenye miaka 70 na shinikizo la damu huenda asipone. Kafyu ilikuwa ikimkinga mzee huyo kwa kuwafungia watoto wake mbali naye. Kafyu ikiwa imeondoka, kinga yake iliyobaki ni chanjo.

Wapo wanaosema kwamba chanjo ni jambo geni. Kwa watu wa Kajiado, si geni hata kidogo. Wazee wanasimulia habari za Emutai, miaka ile ya 1890 na kitu, wakati Wamaasai walipopata maangamizi. Sotoka iliingia katika ng'ombe ikamaliza maboma mazima. Nyuma yake ikaja ndui, ikaua watu waliokuwa tayari wamedhoofika kwa njaa. Leo kijana wa Kajiado hajawahi kumwona ng'ombe mwenye sotoka, wala mtu mwenye ndui. Katika historia yote ya binadamu, ni magonjwa mawili tu yaliyowahi kufutwa kabisa duniani, na ndiyo hayo mawili. Yote mawili yalifutwa kwa chanjo.

Tena yalimalizikia karibu na hapa. Chanjo ya sotoka iliyotumika duniani kote ilitengenezwa Muguga, katika Kaunti ya Kiambu, na daktari wa mifugo Walter Plowright pamoja na wenzake. Mara ya mwisho sotoka kuonekana ilikuwa mwaka 2001, katika nyati wa Mbuga ya Meru, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru. Nayo ndui ilimpata mtu wake wa mwisho kwa njia ya kawaida katika mji wa Merka, nchini Somalia, Oktoba 1977. Mtu huyo aliitwa Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23 aliyekuwa mpishi hospitalini. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa sababu aliogopa kwamba sindano ingeuma. Siku moja aliingia katika gari lililobeba watoto wawili wagonjwa ili aonyeshe njia, na safari hiyo fupi ikatosha kumwambukiza. Alipona. Miaka mingi baadaye alijiunga na wanaochanja watoto dhidi ya polio huko Somalia, na wazazi wenye hofu aliwasimulia yaliyompata yeye mwenyewe. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki kwa malaria mwaka 2013.

Hofu ya Maalin si ya kuchekwa. Mtu mwenye hofu anahitaji kujibiwa, na yafuatayo ni majibu kwa maswali ambayo wananchi huuliza mara kwa mara.

Swali la kwanza ni kama aliyechanjwa anaweza kupata korona. Ndiyo, anaweza. Hakuna anayeahidi kwamba chanjo hii itaifuta korona kama ilivyofutwa sotoka. Kazi yake kubwa ni kuzuia ugonjwa usiwe mkali, mgonjwa asifike mahali pa kutafutiwa oksijeni. Mwili hufundishwa kumtambua adui kabla hajaingia, na ukipambana naye huwa umejiandaa. Mafunzo hayo huchukua muda, kwa hiyo mtu asitegemee kinga siku ileile aliyochomwa sindano. Kwa chanjo za dozi mbili, kinga nzuri huja wiki mbili hivi baada ya dozi ya pili.

Swali la pili ni kuhusu chanjo yenyewe kuleta korona. Haiwezi, kwa sababu hakuna chanjo yoyote kati ya zinazotumika Kenya iliyo na kirusi hai cha korona. Haina kifaa cha kumfuatilia mtu, na haibadilishi maumbile yake. Hakuna ushahidi kwamba inamzuia mwanamke kuzaa au inaondoa nguvu za mwanamume. Mama mjamzito azungumze na muuguzi wa kliniki, akikumbuka kwamba korona ikimpata mjamzito huweza kuwa kali kuliko kwa mwanamke mwingine wa umri wake. Mama anayenyonyesha anaweza kuchanjwa na kuendelea kunyonyesha.

Swali la tatu ni kuhusu wenye magonjwa mengine. Mwenye kisukari, shinikizo la damu, pumu au virusi vya Ukimwi ndiye anayehitaji kinga zaidi. Asiache dawa zake kwa ajili ya chanjo. Aliyewahi kuugua korona naye anashauriwa kuchanjwa baada ya kupona. Mwenye homa kali siku hiyo asubiri apate nafuu kwanza. Na yeyote aliyewahi kuvimba uso au kushindwa kupumua kwa sababu ya sindano, dawa au chakula, amwambie muuguzi kabla ya kuchomwa.

Sasa kuhusu siku yenyewe. Chanjo ni bure, na hakuna anayepaswa kudaiwa hata shilingi moja. Mtu afike na kitambulisho cha taifa na nambari ya simu, avae nguo yenye mkono unaopanda kwa urahisi, na ale chakula kama kawaida, kwa maana hakuna haja ya kufunga. Baada ya sindano atakaa kwa dakika 15 akiangaliwa, na aliyewahi kupata mzio mkali atakaa nusu saa. Dakika hizo zina maana. Mzio mkali hutokea kwa nadra sana, na ukitokea, kwa kawaida huanza upesi, muuguzi akiwa karibu na dawa mkononi.

Usiku huo au kesho yake, mkono unaweza kuuma, kichwa kikagonga, mwili ukachoka na homa kidogo ikaja. Hiyo ni ishara kwamba mwili unajifunza. Huisha kwa siku moja au mbili, na paracetamol husaidia. Fundi wa ujenzi au mwendeshaji wa bodaboda anaweza kuchagua siku ya kuchanjwa ambayo kesho yake ana nafasi ya kupumzika.

Zipo dalili ambazo si za kungoja. Chanjo za AstraZeneca na Johnson & Johnson zimehusishwa na kuganda kwa damu, jambo linalowapata watu wachache sana. Mtu akiona maumivu makali ya kichwa yasiyoisha, macho kuona ukungu, maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mguu kuvimba au tumbo kuuma mfululizo katika wiki nne za kwanza, aende hospitali mara moja na aseme kwamba amechanjwa. Chanjo za Moderna na Pfizer nazo, kwa nadra, zimeleta uvimbe wa moyo, hasa kwa vijana wa kiume. Anayesikia maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio katika siku za kwanza afanye vivyo hivyo. Mambo haya yanasemwa wazi kwa sababu mwananchi anayeyajua mapema hatashtushwa na ujumbe wa simu usiokuwa na mwenyewe.

Jambo kubwa linalobaki ni dozi ya pili. Chanjo ya kwanza iliyofika Kenya ilikuwa AstraZeneca, zaidi ya dozi milioni moja, mwanzoni mwa Machi mwaka huu. Baadaye India, iliyokuwa ikizitengeneza, ikazuia kuuza nje, na nchi nzima ikaishiwa. Wapo waliochomwa dozi ya kwanza wakati ule, wakafunga safari kwa ajili ya pili na kurudi mikono mitupu. Wengine walikata tamaa. Hao wanaombwa warudi sasa, kwa kuwa shehena mpya zimefika. Kuchelewa hakujaharibu dozi ya kwanza, wala hawahitaji kuanza upya. Wafike na kadi yao wamalizie kwa chanjo ya aina ileile, isipokuwa muuguzi awaelekeze vingine. AstraZeneca hurudiwa baada ya wiki 8 hadi 12, Moderna baada ya wiki 4. Tarehe huandikwa kwenye kadi, na kadi itunzwe pamoja na kitambulisho.

Johnson & Johnson hutolewa kwa dozi moja. Wakati huu wa ukame, ambao Rais aliutangaza Septemba kuwa janga la kitaifa, wafugaji wengi wamehama na mifugo, na hawajui mwezi ujao watakuwa wapi. Mfugaji wa namna hiyo aulizie chanjo hiyo ya dozi moja pale inapopatikana. Lakini yeyote asiache chanjo iliyopo leo akingojea aina nyingine. Chanjo nzuri kuliko zote ni ile iliyoko kwenye kituo siku mtu anapofika.

Chanjo zinatolewa katika Hospitali ya Kitengela, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado, na vituo vingine vilivyoteuliwa katika kila kaunti ndogo. Kabla ya kumsafirisha mzee kutoka mbali, ni vyema kumuuliza chifu au mhudumu wa afya ya jamii ni siku gani chanjo ipo, na ni ya aina gani. Mwenye swali la afya anaweza pia kupiga simu nambari 719 ya Wizara ya Afya, bila malipo.

Serikali ya taifa imeweka lengo la kuwachanja watu wazima milioni 10 kabla ya mwaka huu kwisha. Hiyo ni hesabu ya nchi. Hesabu ya boma moja ni rahisi zaidi. Krismasi inakaribia, na watoto walioko mjini watarudi nyumbani wakae chini ya mti mmoja na wazazi wao, wanywe chai, washikane mikono. Kinga huhitaji wiki kadhaa kujengeka, kwa hiyo mzee anayetakiwa kuwa salama siku ile lazima apelekwe kituoni sasa.

Mfugaji wa Kajiado hangoji oltikana iingie ndipo atafute chanjo ya ndama. Anajua kwamba ndama akishalala chini, sindano ya kinga haina kazi tena. Mama wa Kitengela naye hakosi tarehe iliyoandikwa kwenye kijitabu cha kliniki cha mtoto wake. Ni wananchi hao hao wanaoombwa wampe mzee wa nyumbani uangalifu uleule.

Kwa hiyo, jioni ya leo, kila mmoja apige simu moja nyumbani. Aulize kama baba na mama wamechanjwa. Kama bado, apange nani atawapeleka na siku gani. Kama wamepata dozi moja, aombe asomewe tarehe iliyo kwenye kadi. Na yeye mwenyewe, kabla hajapanda gari la kwenda kuwaona, apite hospitalini kwanza. Barakoa ndani ya matatu na maji na sabuni mlangoni bado vinahitajika.

 Wauguzi wako tayari kwa maswali, na hakuna swali la aibu.