Walimwuliza Jina Lake

 

Leo twataka kuwaeleza safari tuliyoifanya sisi wazazi, tukimsindikiza binti yetu. Tulikwenda Nairobi kwenye mkutano wa wapenzi wa anime, yaani zile sinema za katuni zitokazo Japani. Mikutano ya namna hii imekwisha kufanyika huko mara nyingi. Mmojawapo huitwa Otamatsuri, na neno matsuri kwa Kijapani maana yake ni sikukuu.

Kwa majuma sita nyumba yetu ilinuka gundi. Binti alikata katoni, na ile nailoni ambayo wachumaji hujifunga kiunoni kujikinga na umande, akatengeneza dirii na upanga. Alitaka kuvaa kama askari mmoja wa katuni. Tulifadhaika sana. Jirani walituambia kwamba hayo ni mambo ya mashetani, nasi tulikuwa karibu kuvitia vyote motoni.

Ndipo tuliposoma Matendo ya Mitume, mlango wa 17. Roho ya Paulo ilichukizwa na sanamu za Athene. Lakini aliposimama Areopago kusema, alikuwa amekwisha kuuzunguka mji ule na kuangalia, hata akasoma maandishi ya madhabahu moja. Sisi tulikuwa tumehukumu tusichokiona hata dakika moja. Basi tukatoa nauli katika fedha za bonasi ya chai.

Mlangoni tulishikana mikono kama watoto. Watu wana nywele za samawati! Kijana mmoja alikuwa na mabawa makubwa, maskini, hakuweza kuketi mchana kutwa. Tukamkumbuka Daudi ndani ya silaha za Sauli. Vijana wengine walikuwa na meza, wakiuza picha walizozichora wenyewe. Tulijifunza pia kwamba mambo haya si ya jana: katuni ya Astro Boy, kazi ya Osamu Tezuka, ilianza kuonyeshwa katika televisheni ya Japani mwaka 1963, na mkusanyiko wa wachoraji uitwao Comiket ulianza Tokyo mwaka 1975, na watu wapatao 700 tu.

Hatusemi kwamba yote yalitupendeza. Mavazi mengine hayakuwa ya heshima, na tulimwambia binti yetu hivyo.

Lakini sikilizeni. Binti huyu ni mtu wa kimya. Kanisani huketi benchi la nyuma, karibu na mlango, na wimbo wa mwisho ukianza huwa amekwisha kutoka. Pale ukumbini msichana asiyemjua alimjia mbio, akaigusa ile dirii, akasema, "Dada, umeitengeneza mwenyewe? Unaitwa nani?" Akaja wa pili, na wa tatu. Binti akaanza kuwaeleza jinsi alivyoikunja nailoni kwa pasi ya makaa bila kuiunguza. Alicheka. Sisi tulisimama nyuma ya nguzo, tukisikiliza sauti ambayo hatukuisikia nyumbani tangu alipoingia sekondari.

Usiku tukarudi. Gari lilipopita Nakuru, akasema gizani, wala si kwa uchungu:

"Baba, Mama, wale watu waliniuliza jina."

Tukamwambia, "Hata kanisani wanakujua."

Akajibu, "Wanajua mimi ni mtoto wenu."

Hatukusema neno mpaka njia panda ya Londiani. Tulikuwa tukihesabu. Ni mwaka wa tatu tangu tuhamie ushirika ule, na kila Jumapili kazi yetu sisi ni kusimama mlangoni kuwakaribisha wageni. Twajua mkono wa kila mzee, na magonjwa ya kila kogo. Vijana huwa tunawaambia tu wasogee mbele.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kuketi naye kwenye benchi la nyuma. Kumbe wako wengine wanne pale, kila juma, na hatukujua jina la hata mmoja. Sasa tumekwisha kujua ya wawili.