Madebe Mawili kwa Mtoto Mmoja

Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama wetu, mhasibu, katika mkutano wa mwaka wa chama, Dar es Salaam



Ndugu zangu wana-Mkalama, kamati ya maandalizi iliniomba nizungumze juu ya elimu ya watoto wetu vijijini. Mimi si mwalimu. Kazi yangu ni hesabu, kwa hiyo leo nitafungua daftari la hesabu. Tutazame pamoja mtoto wa mkulima kule nyumbani anahitaji nini ili asome, nani anakilipia, na kinatakiwa mwezi gani. Hilo la mwezi nitakaa nalo zaidi, maana ndipo wazazi wengi wanapokwama.

Kwanza tutoe shukrani kwa yaliyokwisha kufanyika. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Taifa liliamua kwamba kufikia 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe ameandikishwa. Wazee tulionao humu ukumbini wanakumbuka vijiji vilivyofyatua matofali na kusomba maji kwa ajili ya madarasa. Mwaka 2002 ukaja mpango wa MMEM, ada ya shule ya msingi ikafutwa. Mwaka 2004 ukafuata MMES, na kata zikaanza kujenga sekondari zao. Kuanzia Januari 2016 ada ya sekondari za Serikali hadi kidato cha nne nayo ikaondolewa. Mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, na kati ya hayo 3,000 yalikuwa ya shule shikizi, zile za vitongoji vya mbali ambako watoto wadogo walikuwa hawafiki shuleni.

Kila hatua iliondoa kikwazo kimoja. Sasa tuangalie vilivyobaki.

Ada iliyofutwa kwa sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Kufutwa kwake kumewasaidia wengi. Lakini mzazi akiandika orodha ya mahitaji ya mtoto aliyechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, atakuta ada ilikuwa mstari mmoja tu. Bado kuna sare, viatu, sweta, begi, madaftari na mkebe wa hesabu. Kuna chakula cha mchana. Na kama shule iko mbali, kuna chumba cha kupanga, godoro, mafuta ya taa au taa ya sola, na unga wa kupeleka kila Jumapili jioni.

Vitu hivi vyote vinatakiwa Januari. Sasa tujiulize, Januari kwetu kuna nini? Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha karibu na Aprili. Januari na Februari mkulima yuko shambani anapalilia, na ghala limepungua. Mahindi, mtama na uwele bado viko shambani. Alizeti, ambayo ndiyo fedha yetu, inavunwa kuanzia mwezi wa tano na kuuzwa mwezi wa sita na wa saba. Maana yake ni kwamba matumizi makubwa ya shule yanakuja miezi mitano kabla ya mapato. Kampuni yoyote yenye mpangilio wa namna hiyo ingekwenda benki kukopa. Mkulima wetu hana benki ya kwenda. Anauza mbuzi, au anauza alizeti iliyo bado shambani kwa bei ya kutupa, au anamwambia mtoto asubiri. Mtoto anayesubiri hadi mwezi wa sita huwakuta wenzake wako mbali, na wapo wasiorudi kabisa.

Kwa hiyo tunapomsikia mtu akisema wazazi wa kule hawajali elimu, tumuombe kwanza atazame kalenda.

Jambo la pili ni umbali, na huu unakwenda pamoja na njaa. Tuchukue mtoto anayekaa kilomita nane kutoka sekondari ya kata. Kwenda na kurudi ni kilomita 16. Mwaka wa masomo una siku 194. Zidisheni, mtapata kilomita 3,104. Kutoka hapa Dar es Salaam hadi Singida mjini ni karibu kilomita 700. Mtoto huyo anatembea kwa miguu, kila mwaka, zaidi ya safari mbili za kwenda nyumbani na kurudi. Sisi tukifanya safari moja kwa basi tunalala siku nzima kwa uchovu. Na yeye huondoka alfajiri bila kunywa chai, anakaa darasani hadi saa tisa bila kula kitu, halafu anaanza safari ya kurudi. Wakati wa masika kuna korongo linalojaa maji katikati ya njia, na siku hiyo ndiyo imekwisha.

Haya yanakuwa mazito zaidi kwa baadhi ya majirani zetu. Wahadzabe wa Munguli hutegemea uwindaji, matunda, mizizi na asali, na familia huhama kufuata chakula. Wafugaji nao huhama kufuata maji na malisho. Mtoto wa familia hizo anabaki shuleni pale tu ambapo shule ina chakula cha uhakika na mahali pa kulala. Kwa watoto hao hili ni sharti la kwanza.

Sasa tuhesabu hicho chakula, maana watu wengi hukiogopa kabla hawajakihesabu. Mwanafunzi mmoja akipewa gramu 150 za mahindi na gramu 50 za maharage au kunde kwa siku, anapata sahani ya makande ya mchana. Kwa siku 194 hizo ni kilo 29.1 za mahindi na kilo 9.7 za maharage. Jumla haifiki kilo 40. Kwa debe la kilo 20 lililopimwa kwa mzani, ni madebe mawili: moja na nusu la mahindi na nusu debe la maharage. Hicho ndicho chakula cha mchana cha mtoto mmoja kwa mwaka mzima. Mahindi yakikosa mvua, mtama wetu unafanya kazi hiyo hiyo.

Shule ya wanafunzi 300 itahitaji magunia 87 ya mahindi na 29 ya maharage, ya kilo mia mia. Yakitafutwa Februari hayapatikani, na yakipatikana hayanunuliki. Mwezi wa sita na wa saba yapo, na tofauti ya bei kila aliyetoka kijijini anaifahamu.

Pendekezo langu kwa chama ni hili. Tununue mwezi wa sita ili mtoto ale mwezi wa kwanza.

Kazi tuigawane hivi. Mzazi mwenye uwezo atoe madebe yake mawili wakati wa mavuno, kwa makubaliano ya mkutano mkuu wa kijiji, kama ambavyo utaratibu wa Serikali unavyowataka wazazi na jamii kushiriki katika chakula cha shule. Chama tubebe mambo matatu ambayo kijiji peke yake hakiwezi. La kwanza ni stoo kavu yenye vichanja, pamoja na mifuko ya kinga njaa ili nafaka isiliwe na dumuzi. La pili ni jiko linalotumia kuni kidogo, masufuria makubwa, na tenki la kukinga maji ya mvua, ili wasichana wasitolewe darasani kwenda kisimani. La tatu ni madebe ya watoto ambao kwao hayapo: yatima, wanaolelewa na bibi, na wale ambao mvua iliwakataa mwaka huo. Tukichukulia kwamba katika wanafunzi 300 wa namna hiyo ni 60, tunazungumzia madebe 120 kwa shule moja. Ukumbi huu hauwezi kushindwa na madebe 120.

Najua maswali yanayofuata, nami nitayajibu.

Wako watakaosema tujenge darasa, kwa sababu darasa linaonekana. Ni kweli, darasa lina jiwe la msingi na jina la aliyefungua, na makande hayana. Lakini darasa lililojengwa tayari na likakaa nusu tupu mwezi Februari ni mali isiyozalisha. Chakula ndicho kitakachoyajaza madarasa tuliyonayo, kabla hatujaomba mengine.

Wako watakaosema wazazi watabweteka. Ndiyo maana chama hakitoi kabla mzazi hajatoa. Kijiji kikileta sehemu yake stoo, siku hiyo ndipo sehemu yetu inapopelekwa. Majina ya wasiojiweza yapitishwe na mkutano wa kitongoji mbele ya watu wote, maana majirani wanajuana.

Na wako watakaouliza nani atalinda magunia hayo. Hapa niko kwenye kazi yangu. Nafaka ipokelewe kwa mzani, isipokelewe kwa lumbesa wala kwa kukadiria kwa macho. Kila mzigo uwe na hati ya mapokezi yenye saini tatu: mwalimu, mjumbe wa wazazi na mtendaji wa kijiji. Kuwe na leja ya stoo inayoonyesha kilichoingia, kilichotoka kila siku na kilichobaki. Kila mwisho wa mwezi karatasi moja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule na picha yake itumwe kwenye kundi letu la simu. Ukijua idadi ya waliohudhuria na gramu za kila mmoja, unajua kilichopaswa kutumika. Kama hesabu na magunia havikubaliani, tutajua mwezi huo huo. Mimi na wahasibu wenzangu wa chama tumejitolea kuikagua leja hiyo bila malipo.

Nimalizie na jambo ambalo halitusubiri. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na elimu ya lazima miaka kumi. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huo huo wenzao waliowatangulia watamaliza darasa la saba. Januari 2028 makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja. Serikali itashughulika na madarasa na walimu. Lakini wale watakaotoka mbali watalala wapi? Hosteli zisipokuwepo watapanga vyumba kwa watu, binti wa miaka 12 akijipikia na kujilinda mwenyewe. Tunafahamu wengi wao wanaishia wapi. Mwaka 2021 Serikali ilifungua mlango kwa wasichana waliojifungua kurudi masomoni, na ni jambo jema, lakini ni jema zaidi wasitolewe shuleni tangu mwanzo. Hosteli ya wasichana yenye mlezi wa kike, ikijengwa karibu na stoo na jiko nililolitaja, inaweza kuanza kwa nguvu za wananchi na za chama hiki. Tukianza na chakula mwaka huu, tutakuwa tumeshajenga nusu ya hosteli, maana hosteli bila chakula ni chumba cha njaa.

Ndugu zangu, wengi wetu tulio humu tumefika tulipofika kwa sababu kuna mtu alitoa gunia, mbuzi au jogoo ili tuvae sare. Hakudai risiti. Leo naomba kila mwanachama achukue angalau mtoto mmoja, yaani madebe mawili kwa mwaka, kwa bei ya sokoni ya mwezi wa sita. Mwenye uwezo achukue watano. Mwenye mashine ya kukamua alizeti atoe mafuta, na fundi atoe siku zake. Ahadi ziandikwe leo, zilipwe kabla ya mavuno, na mkutano ujao nitasimama hapa kuwasomea leja, mstari kwa mstari.