Somo ni la bure, lakini usisome peke yako

MUSWADA WA KIPINDI
Sehemu: Mazungumzo ya wiki
Muda: dakika 10

(MUZIKI WA KUFUNGULIA. UNASHUKA CHINI YA SAUTI.)

MTANGAZAJI: Mpendwa msikilizaji, popote ulipo, Kiziba, Mahama, Nyabiheke, Kigeme au Mugombwa, karibu katika mazungumzo ya wiki. Vijana wengi wametuuliza swali moja: "Nimemaliza sekondari na sina pesa ya chuo. Haya masomo ya bure ya kwenye simu, ni ya kweli au ni maneno tu?" Leo tumemwalika mwalimu anayeishi Nyamirambo, hapa Kigali. Kwa miaka kadhaa amekuwa akisoma masomo hayo pamoja na majirani zake. Mwalimu, karibu.

(MUZIKI UNAZIMIKA.)

MWALIMU: Asante sana. Wazee wetu, mama zetu, vijana wenzangu, habari zenu.

Nianze na jibu, halafu nieleze. Ndiyo, masomo ya bure ya kwenye intaneti yapo, ni ya kweli, na mengine yanatoka katika vyuo vikubwa sana duniani. Lakini wengi wanaoyaanza hawayamalizi. Na kwa niliyoyaona mimi, anayemaliza mara nyingi ni yule aliye na wenzake.

Tuangalie yalikotoka. Mwaka 2008, walimu wawili wa Kanada, George Siemens na Stephen Downes, walifundisha somo katika Chuo Kikuu cha Manitoba. Wanafunzi waliolipa ada walikuwa 25. Walimu wakaamua kufungua mlango: yeyote mwenye intaneti aingie bure. Wakaingia watu zaidi ya 2,000. Walimu hao walikuwa na wazo moja, kwamba mtu hujifunza kwa kuunganishwa na watu wengine, kuuliza, kujibu na kubishana. Video na maandishi vilikuwa kianzio tu.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2011, walimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa somo la bure kuhusu akili bandia. Walijiandikisha watu wapatao 160,000 kutoka pande zote za dunia. Waliofika mwisho walikuwa kama 20,000 na kidogo. Piga hesabu: kati ya watu saba walioanza, alimaliza mmoja. Na hao wengi wao walikuwa na umeme, kompyuta na meza ya kuandikia. Sasa mfikirie kijana aliye katika kambi, mwenye simu moja inayotumiwa na nyumba nzima, na mega za kuhesabu. Akishindwa kumaliza, watu husema ni mvivu. Mimi sikubali. Ameachwa peke yake na kazi ambayo hata wenye nafasi imewashinda.

Hapa kwetu Rwanda tunao mfano mzuri, na wasikilizaji wa Kiziba wanaujua kuliko mimi. Mwaka 2013 mpango wa Kepler ulianza hapa Kigali na wanafunzi 50. Masomo na shahada vilitoka Chuo Kikuu cha Southern New Hampshire cha Marekani, kwa njia ya intaneti. Mwaka 2015 Kepler wakafungua tawi ndani ya kambi ya Kiziba, kule Karongi, juu ya Ziwa Kivu, kambi ambayo ndugu zetu kutoka Kongo wameishi tangu 1996. Mwanafunzi hakupimwa kwa kukaa darasani miaka fulani. Alipewa kazi za kufanya: andika ripoti, tengeneza bajeti, eleza tatizo na njia ya kulitatua. Akionyesha kwamba anaweza, anasonga mbele.

Lakini angalieni jambo hili. Wanafunzi wa Kiziba hawakupewa kompyuta wakaambiwa, haya, someni. Palikuwa na chumba, palikuwa na walimu waliokaa nao, palikuwa na wenzao wa kuulizana. Intaneti ilileta shahada mpaka mlimani, na watu ndio waliowasaidia wanafunzi kuifikia.

Najua wengi wenu hamna nafasi kama hiyo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, limeweka lengo kwamba ifikapo 2030, vijana wakimbizi 15 kati ya 100 wawe katika elimu ya juu. Mwaka 2019 walikuwa 3 tu kati ya 100. Kwa hiyo tusidanganyane: walio nje ya mlango ni wengi kuliko walio ndani. Ndiyo maana nataka kuwaeleza tunavyofanya sisi Nyamirambo, bila chuo na bila mfadhili.

Sisi ni watu saba. Kuna mshonaji nguo, kuna kijana wa pikipiki, kuna dada anayeuza chai na chapati Biryogo, kuna wawili wanaosubiri kazi, kuna mama mmoja aliyekuja kutoka Bukavu, na mimi. Tunakutana mara mbili kwa wiki, saa mbili usiku, katika chumba cha nyuma cha duka. Kabla ya kukutana, mmoja wetu anakwenda mahali penye waifai, anapakua video za wiki nzima na kuziweka kwenye kadi ya simu. Usiku tunaangalia wote kwenye simu hiyo moja. Mega zinanunuliwa mara moja, wanafaidika watu saba.

Video ikichezwa dakika tano, tunaisimamisha. Anayeelewa Kiingereza anaeleza kwa Kiswahili. Na hapa ndipo darasa linapoanza, kwa sababu kueleza si kutafsiri neno kwa neno. Siku tulipofika kwenye hesabu za faida na hasara, aliyetufungua macho hakuwa mwalimu wa kwenye video. Alikuwa yule dada wa chai. Alisema: "Mimi nikiuza chai ya elfu kumi, sukari, maziwa na makaa vimekula elfu saba. Lakini saa zangu sijawahi kuzihesabu." Tukanyamaza wote. Somo lilitoka ng'ambo ya bahari, likaeleweka Biryogo, kwa Kiswahili.

Nawaambia hivyo kwa sababu lugha ni ukuta mkubwa. Masomo mengi ya bure ni ya Kiingereza. Ndugu waliosoma Kongo au Burundi, kumbukeni kwamba Kifaransa chenu ni mali: Ufaransa ina jukwaa lake la masomo huria, linaitwa FUN, lilianzishwa mwaka 2013, na mengi ya masomo yake hufuatwa bila ada. Kiswahili bado kina masomo machache ya kiwango cha chuo. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, lakini maneno ya sheria hayaandiki vitabu. Mpaka masomo hayo yaandikwe, sisi wenyewe tunaokaa chumbani ndio kitabu cha Kiswahili.

Sasa nizungumzie pesa na vyeti, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Neno "bure" lina namna zake. Katika baadhi ya majukwaa, kuangalia masomo ni bure, lakini cheti unalipia. Mengine yana nafasi ya kuomba msaada wa ada, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tamaa. University of the People, chuo cha mtandaoni kilichoanza 2009, hakitozi ada ya mafundisho, lakini kina malipo ya maombi na ya kupimwa katika kila somo. Mtu asiye na uwezo anaweza kuomba ufadhili. Hilo si udanganyifu, mradi ulijue tangu siku ya kwanza.

Pili, cheti cha somo la wiki sita si shahada. Kinasema umejifunza jambo moja. Mshonaji wetu alimaliza somo la uhasibu mdogo. Hakuna ofisi iliyomwita kwa sababu ya karatasi ile. Lakini leo yeye ndiye anayeshika daftari la chama chao cha akiba, na wenzake wanamwamini kwa sababu hesabu zinakubali. Amefaidika, ila si kwa njia aliyoitarajia. Ukiingia kwenye somo ukitafuta ujuzi, hutatoka mikono mitupu. Ukitafuta karatasi peke yake, unaweza kuvunjika moyo.

Tatu, jihadhari na matapeli. Mtu akikuambia ulipe kwanza upate "nafasi ya kusoma mtandaoni" na baadaye safari ya Ulaya au Kanada, kimbia. Huduma za UNHCR hazilipiwi. Kabla ya kutuma hata faranga moja, mwonyeshe ujumbe huo mtu wa ofisi ya elimu katika kambi yako.

Na kwa wale wasio na intaneti kabisa: ipo programu inaitwa Kolibri. Masomo yanapakiwa kwenye kompyuta moja, kisha simu na tableti zilizo karibu zinaunganishwa nayo bila intaneti. Imetumika katika kambi ya Kakuma, Kenya. Waulizeni viongozi wa shule yenu kama ipo au inaweza kuletwa. Ombi la mtu mmoja husahaulika; ombi la kikundi chenye majina na siku ya kukutana hupokelewa kwa namna nyingine.

Kwa hiyo, kijana uliyemaliza sekondari na unakaa nyumbani, fanya hivi wiki hii. Tafuta wenzako watatu au wanne. Chagueni somo moja tu, fupi, la wiki nne au sita. Pangeni siku na saa. Wekeni daftari moja la kikundi, na kila mkutano mtu mmoja aeleze alichoelewa kwa lugha ya nyumbani. Dada zetu wenye watoto wadogo, wapangieni saa ambayo wanaweza kuja, na watoto waje nao. Mwenzenu asipofika mara mbili, msimfute. Mfuateni kwake mjue kuna nini.

Asanteni kwa kunisikiliza.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI: Asante, Mwalimu. Wasikilizaji katika vikundi, zimeni redio baada ya kipindi na mjadili maswali haya matatu:

1. Katika kambi yetu, ni nani ana simu, nani ana lugha, na nani ana chumba? Tunaweza kuviweka pamoja vipi?
2. Ni ujuzi gani mmoja ungetusaidia ndani ya miezi miwili, hata bila cheti?
3. Nani huachwa nje ya masomo kwetu, na ni saa ngapi angeweza kuja?

Andikeni majibu yenu, mmpe mhamasishaji wa kipindi katika kambi yenu. Tutayasoma hewani. Mpaka wiki ijayo, kaeni salama.

(MUZIKI WA KUFUNGIA.)